Ile N ya Nelly

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1685, katika jumba la Whitehall mjini London, Mfalme Charles wa Pili alikuwa anakata roho. Siku nne kabla yake alianguka ghafla, na tangu hapo matabibu walimtoa damu na kumnywesha kila dawa waliyoijua bila nafuu. Mdogo wake James, ambaye ndiye angerithi kiti, alikuwa karibu kupokea wasia. Gilbert Burnet, aliyeziandika habari za enzi ile na baadaye akawa askofu, anasimulia kwamba katika maneno ya mwisho ya mfalme kulikuwa na ombi moja fupi: maskini Nelly asiachwe afe njaa.

Nelly huyo ni Nell Gwyn. Alianza kwa kuuza machungwa kwa watazamaji wa ukumbi wa maigizo karibu na Drury Lane, akapanda jukwaani, akawa mwigizaji wa vichekesho aliyependwa na mji, kisha mpenzi wa mfalme na mama wa wanawe wawili. James alilitimiza ombi. Madeni ya Nelly yalilipwa, na akapangiwa pauni 1,500 kwa mwaka.

Jina lake kamili lilikuwa Eleanor.

Na hapo ndipo nilipokwama kwa wiki kadhaa. Eleanor linaanza kwa E. Mfalme angesema Ell au Elly, nisingeuliza kitu, kwani hata sisi tunakata majina kila siku: Ramadhani anakuwa Rama, Ibrahimu anakuwa Ibra, Khadija anakuwa Dija. Wakati mwingine kinabaki kipande cha mbele, wakati mwingine cha nyuma, lakini kila herufi inayobaki ilikuwamo ndani ya jina tangu mwanzo.

N ya Nelly imetoka wapi?

Mtu atasema Eleanor lina N ndani yake. Kweli, lakini imekaa baada ya L, na Nell inaitaka kabla. Kisha kuna ndugu zake Nelly. Edward huitwa Ned. Oliver aliitwa Noll. Ukimpekua Edward kuanzia mwanzo hadi mwisho hukuti N, na kwa Oliver ni hivyo hivyo. Ann naye huitwa Nan. Majina manne, yote yanaanza kwa irabu, na yote yameota herufi ile ile mbele.

Herufi haiji bure. Mtu ameileta.

## Mkia wa neno jingine

Maelezo ambayo wanaisimu wengi wameyakubali ni haya: ile N si ya jina. Ni mkia wa neno "mine", yaani wangu.

Katika Kiingereza cha Kale neno lenyewe lilikuwa "min", i yake ikivutwa, nalo halikujali ni sauti gani inayofuata. Kuanzia karne ya 12 hivi, n ya mwisho ikaanza kudondoka mbele ya konsonanti. "Min fader", baba yangu, ikawa "my fader". Mbele ya irabu n ilibaki, maana ilikuwa inatenganisha irabu mbili zisigongane. Mbele ya h pia ilibaki mara nyingi, kwa kuwa h ilikuwa dhaifu vinywani mwa wengi, karibu haisikiki.

Aliyesoma Kiingereza sekondari amekariri sheria ya "a" na "an". Hiyo ni pacha wa sheria hii, na pacha huyo yupo hai mpaka leo. "My" na "mine" ziligawana kazi kwa namna hiyo hiyo kwa karne kadhaa, kisha "mine" ikaondolewa mbele ya nomino na kuachiwa kazi ya kusimama peke yake. Anayetaka kuisikia ikiwa bado kazini afungue Biblia ya Kiingereza ya 1611 kwenye Zaburi ya 121. Pale tunaposema "Nitayainua macho yangu", wao wameandika "mine eyes". Neno lao la macho linaanza kwa irabu, kwa hiyo n ikahifadhiwa.

Sasa mweke mama wa karne ya 14 mlangoni, anamwita mwanawe Edward arudi nyumbani. Edward ni jina la kanisani na la mahakamani. Nyumbani ni Ed. Na kwa kuwa ni mwanawe, anasema "min Ed". Maneno hayo hayana pumziko katikati. Nafasi tunayoiona kati ya maneno ni kazi ya karatasi, masikioni haipo. Kinachotoka kinywani ni "mined", mfululizo mmoja.

Mtoto wa pili yuko mlangoni hapo hapo, ndio kwanza anajifunza kusema. Yeye ndiye anayepaswa kuupasua mfululizo ule. Amewasikia majirani wakisema "my Tom" na "my Will". Anajua kwamba "my" huja kwanza, kisha jina. Basi anapasua mahali anapopajua: "my", halafu "Ned".

N ilikuwa mwisho wa "wangu", ikawa mwanzo wa jina.

Nilipofika hapa nililisoma upya lile ombi la mfalme. Ndani ya Nelly mapenzi yamo pande zote mbili. Nyuma kuna -y, kiambishi kile kile cha kudekeza kilichomo katika Tommy na Billy. Mbele kuna masalia ya "wangu", yaliyokwisha kufa katika sarufi lakini bado yanatamkwa. Mwanamume anayekufa hakuhitaji kusema "Nelly wangu". Wangu tayari imo.

## Kosa tunalolijua

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa jambo hili, kwani lugha yetu imelifanya mara nyingi na kwa raha zake.

Barabarani Waingereza waliweka kibao cha "keep left" kwenye mizunguko. Masikio yetu yakasikia ki- mwanzoni, yakaiweka kwenye ngeli ya KI-VI, tukapata kipilefti kimoja na vipilefti viwili. Kitabu ni hivyo hivyo: ki ya Kiarabu ni sehemu ya mzizi, lakini sisi tumeing'oa na kusema vitabu. "Mudguard" ya gari ikaja kama madigadi, ma- ikasikika kama wingi, na kwa fundi wa gari moja ni digadi.

Mfano ulio karibu zaidi na Ned ni liwali. Kwa Kiarabu ni "wali", na kibainishi chake, yaani neno dogo linalotangulia nomino, ni "al". Ikatamkwa al-wali mara nyingi mno, mpaka l ya kibainishi ikahamia kwenye neno lenyewe. Ile L haikuwa ya mtawala. Ilikuwa ya neno lililomtangulia, sawasawa na N ya Ned.

Wafaransa nao wanalo lao, na kwangu ni zuri kuliko yote. "M'amie", mpenzi wangu wa kike, ilipasuliwa upya ikawa "ma mie", hata wakapata neno "mie" lenye maana ya mpenzi, ambalo halikuwahi kuwapo. Tena neno lao la shangazi, "tante", linaelezwa kwamba ni "ta ante", shangazi yako, vilivyogandana. Anayemwita mama mdogo "tantine" Bukavu au Lubumbashi amebeba ndani ya neno hilo "yako" ya Kifaransa cha kale.

Kiswahili chenyewe kimegandisha kimilikishi kwa upande wa pili, kwa sababu kwetu kimilikishi hufuata nomino. Mwanangu. Mamangu. Mumewe. Bintiye. Mwenzangu. Hili la mwisho limeganda kiasi kwamba "mwenzangu" na "mwenzi wangu" si kitu kimoja tena: la kwanza ni yeyote niliye naye katika jambo moja, la pili ni mtu niliyefunga naye maisha. Wasomaji wanaosema Kikuyu wamefika mbali zaidi, kwao baba yangu ni "baba", baba yako ni "thoguo" na baba yake ni "ithe", maneno matatu ambayo huwezi kuyatenganisha na mwenye baba.

Angalia ni maneno gani yanayogandana. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayegandisha "yangu" kwenye meza, wala "wangu" kwenye mlango. Washairi wanaweza, ila sokoni hutasikia. Kimilikishi kinaganda kwa mama, kwa mwana, kwa mume, kwa mwenzi. Kinaganda kwa wale ambao ni nadra kuwataja bila kusema ni wetu.

Hilo lilinikaa kichwani, na baadaye likaniokoa.

## Mfupa wa Ted

Niliokolewa kutoka kwa Ted.

Edward haitwi Ned peke yake. Huitwa pia Ted. Kama N ni ya "mine", T ni ya nani? Kiingereza hakina "mit" yenye maana ya wangu. Swali hili ni halali, na anayelipita haraka hajalitendea haki suala lenyewe.

Hali inakuwa mbaya zaidi ukimtazama Robert. Enzi za kati nchini Uingereza majina ya ubatizo yalikuwa machache. Kijiji kimoja kilijaa John, William, Robert na Richard. Ili kuwatofautisha, watu walikata jina kisha wakabadilisha konsonanti ya mwanzo, kama watoto wanavyocheza na vina. Robert akawa Rob, na Rob akazaa Hob, Dob, Nob na Bob. Richard akawa Rick, na Rick akazaa Hick na Dick. Roger akazaa Hodge na Dodge. Will akazaa Bill. Kwa wanawake Margaret akawa Meg, kisha Peg na Peggy. Mary akawa Moll, kisha Poll na Polly. Ushahidi umeganda kwenye majina ya koo: Hobson, Dobson, Hicks, Dixon, Hodgkin, Dodgson.

Na Nobbs.

Nob ina N, lakini Rob inaanza kwa konsonanti. "Mine" isingeweza kuwapo hapo. Mtu angesema "my Rob". Kwa hiyo kulikuwa na angalau N moja iliyoletwa na mchezo wa vina tu. Ikiwa N moja ilikuja kwa vina, kwa nini zote zisije hivyo? Pengine Ned ni Ed aliyechezewa kama Rob, na hadithi nzima ya mama mlangoni ni tamu tu, haina ukweli. Etimolojia tamu, yaani hadithi tamu za asili ya maneno, ni za kuogopwa.

Kwa siku kadhaa niliegemea upande huo.

Kilichonirudisha kwanza ni kutazama kazi yenyewe inavyofanyika. Vina hubadilisha: R inatoka, B inaingia. M inatoka, P inaingia. Kwa Ed, Ell, Ann na Oll hakuna kilichotoka. Kuna kilichoongezwa, na kilichoongezwa ni kile kile mara zote nne. Rick na Roger walipopewa konsonanti mpya, waliangukiwa na H na D. N haikuwa chaguo la kwanza la mchezo ule. Lakini majina ya irabu yakichezewa, N inarudi na kurudi. Isabel alifupishwa Ibb, akapata Nib. Hata Humphrey, ambaye H yake ilikuwa dhaifu, alipata Numps. Mhusika mmoja katika tamthilia ya Ben Jonson ya 1614 anaitwa hivyo. Ted namweka kwa wachezaji wa vina, pamoja na Nob. Ned simweki huko.

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, lakini bado ilikuwa hoja tu. Nilitaka N mahali ambapo mchezo wa vina haungeweza kufika.

## Anko wa mfalme

Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Mfalme Lear, iliyoandikwa mwaka 1605 au 1606 hivi, kuna mchekeshaji wa ikulu anayemfuata mfalme mzee hadi nyikani, usiku, kwenye dhoruba. Mabinti wa mfalme wamemfungia mlango. Mvua inawapiga wote wawili. Mchekeshaji anamsihi arudi ndani, na kila mara anamwita neno moja: "nuncle".

"Uncle" ni mjomba, au baba mdogo, au yule ambaye mitaani kwetu huitwa anko. "Nuncle" ni "mine uncle" iliyopasuliwa vibaya.

Mambo mawili yanaonekana hapa. Kwanza, "uncle" si jina la mtu, ni neno la ukoo. Haliingii kwenye mchezo wa Rob na Bob. Pili, na hili ndilo zito, mchekeshaji hasemi "my nuncle". Anasema "nuncle" tupu. "Mine" haipo tena popote katika sentensi, lakini n imebaki. Hiyo ndiyo alama kwamba herufi imekwisha kuhama: mwenye herufi ameondoka, nayo haikumfuata.

Shangazi naye aliitwa "naunt" katika maandishi ya zama hizo. Na "mine own", wangu mwenyewe, ilipata kuandikwa "my nown". Wangu, iliyobeba kipande cha wangu.

Mjomba, shangazi, mwana mwenye jina la nyumbani, na "wangu mwenyewe". N ya Kiingereza iliganda mahali pale pale ambapo "-angu" yetu inaganda. Kwa hoja ya vina mpangilio huu ni bahati tu. Kwa hoja ya "mine" ni jambo la kutarajiwa, na kwa msemaji wa Kiswahili ni jambo analolifanya kila siku.

Hapo nikaacha kusitasita.

## Namna ya kulipasua jina

Ukikutana na jina la Kiingereza la kudekeza linaloanza kwa N, linapimika, na kazi haichukui muda.

Anza na jina kamili la ubatizo, si na lile la kuitwa. Ndugu hukosea hapa kwa sababu kaburi au barua ina Nell tu. Cheti cha ndoa au daftari la kanisa ndilo lenye Ellen, Eleanor au Helen. Kisha tafuta silabi inayobeba mkazo, ndiyo ambayo kwa kawaida hubaki baada ya kukatwa: Ed, Ell, Ann, Oll. Sikiliza sauti ya kwanza, usiitazame herufi. Helen huandikwa kwa H lakini H hiyo haikuwa kizuizi. Ikiwa sauti ya kwanza ni irabu, weka "min" mbele yake, tamka bila kupumua, na uone kama n ikihamia mbele unapata jina ulilo nalo. Ukipata, bado hujamaliza: tazama kama N hiyo haikuwamo tayari ndani ya jina.

Kinachowaangusha wengi ni hiki cha mwisho. Nick ni Nicholas na Nat ni Nathaniel. N ni yao halali. Nora linafanana sana na kundi la Nell, lakini limekatwa kutoka nyuma ya Honora au Eleanora, kama Dija alivyokatwa kutoka nyuma ya Khadija. Nettie mara nyingi ni Annette au Antoinette aliyekatwa vivyo hivyo. Nellie mwenyewe anaweza kuwa Cornelia au Penelope, na hapo "mine" haihusiki. Nancy ana historia mbili: leo huhesabiwa mtoto wa Ann, lakini nyuma yake kuna Annis, umbo la zamani la Agnes.

Angalia pia umri wa jina. Desturi ya "mine" mbele ya irabu ilikuwa imeisha katika mazungumzo ya kawaida kufikia karne ya 18. Jina la N lililobuniwa jana haliwezi kuwa limepita njia hii. Linaweza tu kuiga lile lililopita.

Na usiende bila kukumbuka kwamba njia hii ina pande mbili. Mpasuo unaoongeza n unaweza pia kuipoteza. Nyoka aliyeitwa "nædre" katika Kiingereza cha Kale leo ni "adder": "a nadder" ilisikika kama "an adder". Aproni ya jikoni ilikuwa "napron", ndugu wa "napkin". Sisi tuliipokea ikiwa imekwisha kupoteza n yake. Na chungwa lenyewe: Waajemi waliita "narang", Waarabu "naranj", Wahispania wakabaki na n katika "naranja", lakini njiani kupitia Italia na Ufaransa n ikamezwa na kibainishi kilichotangulia, na London ikapata "orange". Yule binti aliyesimama ukumbini na kikapu alikuwa anauza tunda lililopoteza n, akiitwa kwa jina lililoipata.

## Asiye wako ukimwita wako

Kuna jambo ambalo sikulitarajia. Nilifikiri nikifuata majina haya nitakuta upole tu: mama, mtoto, wapenzi. Upole upo. Katika tamthilia nyingine ya Shakespeare, mwanamfalme kijana, aliyekaa baa ya mtaa wa Eastcheap na rafiki yake Edward Poins, anamwita Ned mtamu, kisha anampa sukari ya peni moja ili kulitia utamu zaidi jina hilo la Ned.

Lakini Anne Boleyn, malkia wa Henry wa Nane, aliitwa Nan Bullen na watu waliomchukia. Oliver Cromwell, mmoja wa waliotia saini hukumu ya kumkata kichwa Mfalme Charles wa Kwanza, kisha akaitawala nchi, aliitwa Old Noll na maadui zake, wakaimba hivyo kwenye nyimbo za kumdhihaki. Sidhani walimpenda.

Hili pia linaeleweka Dar es Salaam kuliko linavyoeleweka kwenye kamusi. Vijana wawili wakikutana kituo cha daladala, mmoja akimwambia mwenzake "mwanangu", ni urafiki mtupu. Kijana huyo huyo akimwita waziri "mwanangu" mbele ya watu, amemshusha. Neno halijabadilika hata sauti moja. Kilichobadilika ni haki ya kusema wangu. Anayemwita malkia kwa jina la chumbani amemvua vazi lake kwa herufi moja.

Mwaka 1725 jambo hilo lilizaa neno jipya kabisa. Mshairi Ambrose Philips alikuwa akiandika beti laini kwa watoto wadogo wa wakubwa. Henry Carey akamdhihaki kwa shairi, akalichukua jina la Ambrose na kulifanyia kama yaya anavyofanya na mtoto: Amby, Namby, Namby-Pamby. Mshairi Alexander Pope akalidaka. Mpaka leo Mwingereza akitaka kusema kitu ni legelege, hakina uti wa mgongo, husema ni "namby-pamby". Philips aliishi hadi 1749 akilisikia. Hakuna aliyemwita hivyo kwa sababu ni wake.

## Jina la ziada

Baada ya yote hayo ndipo nilipotazama neno lenyewe ambalo Waingereza hulitumia kwa jina la utani, "nickname". Nilidhani "nick" ni kukata au kuchanja, na ningekuwa tayari kuapa.

Umbo la zamani ni "ekename". "Eke" ni nyongeza, kitu kinachozidishwa juu ya kilichopo. Kitenzi chake bado kinatumika, "to eke out", kuongezea kidogo kilichopo ili kitoshe. "Ekename" iliandikwa mwaka 1303. Katika kamusi ya Kiingereza na Kilatini iliyoandikwa Norfolk mnamo 1440, tayari "neke name" imeingia. "An ekename" ilisikika kama "a nekename". Wadenmaki na Waswidi, ambao mbele ya neno hili huweka "et" na "ett" zisizo na n, bado wanasema "øgenavn" na "öknamn" bila n yoyote mwanzoni.

Neno la jina la utani limepita njia ile ile waliyopita Ned na Nell, isipokuwa kwa tofauti moja. N ya "nickname" imetoka kwa "an", kibainishi baridi kisichomjua mtu. N ya Nell imetoka kwa "mine".

Nell Gwyn alifariki Novemba 1687, miaka miwili na miezi tisa baada ya mfalme aliyemwombea asife njaa. Hakujua kuandika vizuri. Karatasi zilizohitaji mkono wake alizitia saini kwa herufi mbili alizojifunza, nzito na zisizonyooka, na ya kwanza si ile ambayo London nzima iliitumia kumwita. Aliandika E. G.